Daftari la mwaloni lirudi mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mkutano uliofanyika hapa mwaloni kwetu, ufukwe wa kupakulia samaki wa Kayenze, Ilemela, kando ya Ziwa Victoria. Tuliitwa asubuhi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imeshapakuliwa na sisi wanawake tukiwa bado tunaanika. Wageni walikuja na gari, wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, nasi tukakaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa. Mmoja wao akatueleza, kwa upole kabisa, kwamba sangara wanapungua, kwamba waliobaki ni wadogo, na kwamba watu wa mwaloni ndio tunaopaswa kubadilika. Nilinyoosha mkono. Nikauliza: hapa Kayenze wamepungua kiasi gani, tangu mwaka gani, na ni miezi ipi wadogo wanavuliwa zaidi? Akanijibu, "Mama, takwimu zipo. Zipo ofisini."

Nikakaa chini. Yule kijana sikumlaumu na simlaumu hata sasa. Lakini takwimu anazozisema, Ndugu Mhariri, nimeziandika mimi kwa mkono wangu.

Kwa miaka 14 nilikuwa mkusanya takwimu wa BMU yetu, kile kikundi cha wanamwalo cha kusimamia uvuvi ambacho Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 inakitambua. Kabla ya hapo nilikuwa nabanika sangara, na hadi leo dagaa ndio wanaonilisha. Elimu yangu ni darasa la saba. Kazi ile niliipenda, na nataka wasomaji wako waijue, kwa sababu hata watu wa Mwanza mjini wanaokula sato kila Jumapili hawajui kwamba kuna mtu anasimama ufukweni gizani kumhesabu samaki huyo.

Siku ya zamu nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Nilibeba kurunzi, kaunta buku lililofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, kalamu ya risasi kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu, na ubao wa kupimia, ambao ni kipande cha mbao kilichopigiliwa futi ya fundi cherehani. Mtumbwi ukigusa mchanga, nasalimia kwanza. Halafu nauliza: mmelala wapi, mmetega nyavu ngapi, za inchi ngapi, mko wangapi, mmekwenda kwa injini au makasia, mmekaa majini saa ngapi. Baada ya hapo napima uzito wa kila aina, nachukua sangara kadhaa nawalaza juu ya ubao mdomo hadi mkia, naandika urefu. Mwisho naandika bei aliyouzia.

Majibu ya kweli hayapatikani siku ya kwanza. Mvuvi hasemi alikotega, maana akisema leo, kesho atamkuta mwenzake hapohapo. Tajiri wa mtumbwi akikuona na daftari anadhani umetumwa na watu wa kodi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuaminiwa, na nikaaminiwa kwa sababu walijua naishi hapa, watoto wangu wamekua na watoto wao, na neno la mtu silitoi nje. Kuna wazee ambao hadi leo wangemficha afisa yeyote mahali walipotega, lakini mimi waliniambia. Naomba hilo likumbukwe: namba zinazokaa kwenye kompyuta za ofisini zimepatikana kwa imani ya mtu kwa mtu, saa kumi na moja asubuhi, watu wakitetemeka kwa baridi.

Mwisho wa mwezi nilinakili yote kwenye fomu na kuzipeleka zinakotakiwa. Posho ilikuwa ndogo, na kuna vipindi ilichelewa hadi nikakopa nauli ya kupeleka fomu. Silalamikii hilo leo. Ninacholalamikia ni kwamba kwa miaka yote 14 haikurudi hata karatasi moja ya kutuambia, "Watu wa Kayenze, mlichoandika kinaonyesha hivi."

Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo. Habari ndiyo hatuipati.

Nimezaliwa Magu, karibu na mahali mto Simiyu unapoingia ziwani. Baba yangu alikuwa mvuvi na baba yake pia. Masika yakianza, ningu walikuwa wanapanda mto kwenda kutaga, na baba alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja: mdomoni mwa mto hakutegwi mpaka samaki awe amepanda na kurudi. Nilipopata akili ningu walikuwa wameshakuwa wachache, kwa sababu wengine walikuwa wametega palepale mlangoni kwa miaka mingi. Sisi watoto tulikuwa tunavua furu, samaki wadogo wa ziwani, kwa pini iliyokunjwa na chambo cha mnyoo. Tulikuwa tunawatunga kwenye bua la nyasi, mama anawakausha juani. Walikuwa wa kila rangi na kila umbo la mdomo, wengine wa mawe, wengine wa matope, na bibi alikuwa na jina la karibu kila mmoja. Nimesahau mengi ya majina yale na yananiuma, kwa sababu hakuna tena wa kumuuliza.

Halafu akaja sangara. Alikuwa amepandikizwa ziwani upande wa Uganda miaka ya 1950, lakini huku kwetu alifurika katikati ya miaka ya 1980. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Nakumbuka watu walivyokuwa wakimshangaa, samaki mmoja anabebwa na wanaume wawili kwenye mti. Mwanzoni hatukumpenda kwa mafuta yake. Baadaye akatujengea nyumba za bati, nami siwezi kusema vibaya juu ya samaki aliyesomesha wanangu. Lakini furu wakatoweka mbele ya macho yetu, na tulidhani ni mambo ya Mungu tu.

Kumbe kulikuwa na watu wanahesabu. Tangu mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walikuwa hapa Mwanza, wakifanya kazi na Watanzania wenzao, wakivuta wavu katika Ghuba ya Mwanza mwezi baada ya mwezi na kuandika kila aina ya furu waliyempata. Ndiyo maana leo dunia inajua kwamba mamia ya aina za furu zilipotea katika ziwa hili ndani ya miaka michache. Inajulikana pia kwamba baadhi zilianza kurudi miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na uvuvi. Habari hiyo ya kurudi kwa furu ningeililia kwa furaha kama ningeisikia wakati ule. Niliisikia zaidi ya miaka 20 baadaye, kutoka kwa mwanafunzi aliyeketi kwenye mkeka wangu.

Yeye huyohuyo ndiye aliyenisimulia kuhusu Michael Graham, Mwingereza aliyelizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928 kupima ngege, jamaa ya sato aliye wa asili ya ziwa hili. Graham alishauri nyavu zisiwe na macho ya chini ya inchi 5 ili ngege wadogo wapite. Ushauri ukawa sharti la serikali, kisha miaka ya 1950 Tanganyika na Uganda zikaliondoa, na ngege akaendelea kupungua hadi leo ukimpata unamwita jirani aje amwone. Nilimuuliza yule binti: babu yangu alikuwa mvuvi wakati huo, je, kuna aliyekwenda kumweleza sababu ya ile inchi 5? Hakuwa na jibu, wala sikumtegemea awe nalo. Lakini nilijiona nimesimama mahali alipokuwa amesimama babu.

Huyo binti niseme zaidi, maana ndiye aliyenifundisha nini maana ya daftari langu. Alikuja kwa mafunzo ya vitendo, akapanga chumba kwa jirani. Siku moja akaniambia, "Shikamoo mama. Nimesikia una daftari zako za zamani." Ni kweli, fomu zilikwenda lakini kaunta buku nilizihifadhi kwenye sanduku la bati, isipokuwa mbili zilizoliwa na mchwa. Jioni tatu mfululizo tulikaa mkekani, mimi nasoma, yeye anaandika. Siku ya nne akatandika karatasi ya manila na kalamu za rangi. Kila sangara wa chini ya sentimita 50 alimwekea nukta nyekundu mahali alipovuliwa, kwa kufuata safu yangu ya "mmelala wapi".

Nilikuwa nimeandika miaka yote ile na sikuwahi kuona. Nukta nyekundu zilikuwa zimetapakaa hapa na pale, lakini sehemu moja zilikuwa zimerundikana hadi karatasi ilikuwa imelowa wino: ile ghuba ndogo nyuma ya majabali, yenye matete na maji ya kifuani. Hapo ndipo sangara wachanga wanapokulia. Na hapohapo, kwenye mchanga wa kina kifupi, ndipo sato dume anapochimba kiota chake mviringo kama sahani, na jike akishataga anayachukua mayai na kuyalea kinywani. Mimi mwenyewe nimewahi kuona kokoro, ule wavu mrefu wa kukokota hadi ufukweni, likivutwa pale, sato jike akitupwa mchangani, na vitoto vikimtoka mdomoni vikiwa hai. Hakuna aliyesema kitu siku ile. Tuliokota samaki tukaenda.

Manila ile tuliibandika kwenye ukuta wa banda la mizani. Wavuvi walikuja mmoja mmoja, wakasimama wakanyamaza. Kulikuwa na tajiri mmoja wa kokoro ambaye hakuna afisa wala mwenyekiti aliyewahi kumshawishi. Alisimama pale muda mrefu, akaweka kidole kwenye ule wekundu, akauliza, "Hii si ghuba yetu ile?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza tena, "Na hawa wote ni wa kwetu, waliopakuliwa hapa?" Nikamwambia nimewapima mwenyewe. Jioni ile alimtuma mwanawe alete kokoro nyumbani.

Mkutano wa mtaa ukakubaliana ghuba ile ipumzishwe. Hakuna askari aliyetuletea, hakuna wavu uliochomwa. Vijana walipanga zamu ya kulala kwenye majabali. Makubaliano yalidumu masika mawili.

Kisha yakavunjika, na naomba viongozi wasome sehemu hii kwa makini. Binti alimaliza masomo yake akaondoka. Manila ilinyeshewa. Kazi ya takwimu ikahamia kwenye simu: kijana aliyenirithi anajaza, anabonyeza, namba zinakwenda, na mwaloni hakubaki hata nakala ya kuweka kwenye sanduku. Hatukuwa tena na kitu cha kuonyesha kama ghuba imezaa matunda. Wakaja watu wa kambi nyingine usiku na kokoro lao, vijana wetu wakawazuia, wakaulizwa, "Mnatuzuia kwa sheria ipi?" Tulipokwenda kushitaki tukaambiwa eneo lile halimo kwenye orodha ya mazalia yaliyotambuliwa, na makubaliano ya mkutano wa mtaa si sheria ndogo. Tulirudi tumenyong'onyea. Yule tajiri alisubiri kama mwezi hivi, halafu akalitoa kokoro lake nje. Sikuwa na neno la kumwambia.

Sheria zipo, Ndugu Mhariri, na sizipingi. Sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe, sato wa chini ya sentimita 25 asivuliwe, kokoro ni haramu, timba, nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ni haramu, na makila, nyavu za kutega, yasiwe na macho ya chini ya inchi 6. Ukishaona sato na vitoto vyake mchangani huhitaji wakili akuambie kwa nini. Na wataalamu tunao: TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, ipo tangu mwaka 1980 na ina kituo hapahapa Mwanza. Nchi zetu tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, zilikubaliana mwaka 1994 kuwa na shirika moja la uvuvi wa ziwa hili, lenye makao Jinja, Uganda. Tangu mwaka 2000 hufanyika, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, sensa ya mialo, mitumbwi, injini na nyavu kulizunguka ziwa lote, na kuna meli inayopita ikituma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake ili kukadiria samaki waliopo. Naiheshimu sana kazi hiyo. Ziwa lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na daftari langu ni la mwalo mmoja. Sangara aliyezaliwa Kayenze hajui mpaka wa Tanzania na Uganda. Tunawahitaji wenye meli watuambie yale ambayo sisi hatuwezi kuyaona.

Lakini kwa miaka mingi kitu kilichofika mwaloni kutoka kwenye ujuzi wote huo ni operesheni. Gari linakuja, nyavu zinakusanywa, zinamwagiwa petroli. Zimo haramu, tena nyingi. Lakini nimeona pia mjane, jirani yangu, akichomewa makila ya mkopo yaliyokuwa yamechanganywa na ya mtu mwingine kwenye banda moja, na hakuna aliyetaka kupima macho ya wavu kabla ya kiberiti. Mvuvi aliyechomewa wavu hajifunzi samaki anatagia wapi. Anajifunza kutega usiku.

Wazee watakumbuka sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Viwanda vya minofu vikasimama, sangara akashuka bei hadi tukawa tunamgawa. Sumu ile haikukomeshwa na doria peke yake. Wanamwalo wenyewe walichoka, wakawataja wanaotia sumu, na vikundi hivi vya BMU, ambavyo vilianza mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, vikapata nguvu kwa sababu kila mtu alikuwa ameelewa uhusiano kati ya chupa ya sumu ya fulani na mfuko wake mwenyewe mtupu. Tulielewa, kwa hiyo tukatenda. Ni jambo lilelile la manila.

Nimeona pia namna wenzetu wa baharini wanavyofanya. Mwanangu Doto ameolewa Pemba. Nilipokwenda kumtazama, mkwe wangu alinichukua kwa mashua hadi Kisiwa Panza, kwa dada zake. Kule sehemu ya mwamba hufungwa kwa miezi mitatu, pweza asiguswe. Pweza anakua upesi mno, kwa hiyo miezi mitatu inatosha kumbadilisha kutoka kitoweo cha mtoto kuwa mzigo wa sokoni. Mimi wa maji baridi sikuwa nimewahi kumshika pweza, na nakiri niliogopa mikono yake. Nilichokwenda nacho nyumbani ni mambo mawili. Wanawake walikuwamo: wao ndio wanaotembea mwambani maji yakipwa, na kamati ya wavuvi ya shehia iliwasikiliza kabla ya kuchagua sehemu ya kufunga. Na siku ya kufungua, pweza walipimwa mbele ya kila mtu, namba zikasomwa kwa sauti papo hapo, kabla hazijakwenda kwa mtu yeyote wa nje. Shemeji mmoja aliniambia, "Bibi wee, tusipoambiwa leo, msimu ujao nani atakubali kungoja?"

Nikarudi nikifikiria ghuba yetu. Mafia, ambayo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, ina vijiji ndani ya hifadhi, watu wanaishi humo na wanavua kwa mpangilio. Sisi wa ziwani tuna hifadhi za visiwa vya Rubondo tangu 1977 na Saanane tangu 2013, nazo zinatusaidia sana, kwa sababu samaki wanaotaga kule kwa amani hawabaki kule. Lakini hizo ni hifadhi zisizo na kijiji. Kati ya hifadhi na soko huria hakuna kitu cha katikati kwa ajili ya ghuba ndogo kama yetu. Wengine wanataka ziwa zima lifungwe kama Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024. Mimi sikubaliani nao. Ziwa Victoria lina watu wengi mno wanaokula kwa kazi ya siku, na miezi mitatu bila kazi itawafukuza vijana waende kuvua kwa kuiba, kwenye mazalia yenyewe, ambako hakuna mawimbi wala doria. Ghuba moja moja, iliyochaguliwa kwa namba na kulindwa na wanaoijua, hiyo tunaiweza, na tulishaiweza masika mawili.

Siwezi kumaliza bila kuwagusa wenzetu wa mjini. Mvuvi anahesabiwa kila siku, lakini maji machafu yanayoshuka na mto Mirongo katikati ya jiji, na vyoo vya milimani vinavyotapika mvua ikinyesha, yanaingia kwenye ziwa hilihili. Mbolea hiyo inalisha ukijani tunaouona juu ya maji na gugu maji linalofunga mialo. Ukijani ukifa unazama, unaoza, unakula hewa ya chini, na samaki wanapanda juu wakihema. Nimewakuta wamekufa ufukweni bila alama ya wavu. Nao waandikwe kwenye daftari.

Ninachokiomba si fedha. Taasisi zinazopokea takwimu za mialo zitutumie majibu ya mwalo wetu, walau mara mbili kwa mwaka, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja: sangara wetu wana urefu gani ukilinganisha na mwaka jana, wadogo wametoka wapi, na mialo ya jirani ikoje. Kijana anayejaza kwenye simu abakiziwe nakala. Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela itusaidie kuyageuza makubaliano ya mtaa kuwa sheria ndogo, ili tukiulizwa "kwa sheria ipi" tuwe na karatasi. Na mtaalamu anayekuja kutuambia samaki wamepungua aje na namba zake mkononi, akae nasi juu ya mtumbwi, tubishane. Tutabishana sana, nawajua wanamwalo wenzangu. Mama wa dagaa atauliza mengi kuliko tajiri wa sangara, kwa sababu yeye ndiye anayejua samaki wa jana alikuwa mkubwa kiasi gani alipomlaza juani.

Fundi wa mitumbwi ametutengenezea ubao wa mbao za mninga, ameupaka rangi nyeusi, na tumeutundika palepale manila ilipokuwa, kwenye banda la mizani, chini ya bati ili usinyeshewe. Juu kabisa nimeandika kwa chaki SANGARA, SATO, DAGAA, na chini yake miezi kumi na miwili. Watoto wakitoka shule wanapita wanasoma miezi kwa sauti. Safu nyingine bado ni tupu.

Wako,
Mama Kulwa,
Mwalo wa Kayenze,
Ilemela, Mwanza.